Kanga Inapita Mwilini, Kanzu Inatetemeka: Kutatua Matatizo ya Uchongaji wa Kidijitali

Anayejifunza kuchonga wahusika kwenye kompyuta hukwama zaidi mahali pawili: pale udongo wa kompyuta, yaani umbo unalolichonga, unapokataa kufuata mkono, na pale nguo inapokataa kukaa mwilini. Hapa tunaanza na dalili unayoiona kwenye kioo, kisha tunarudi nyuma kutafuta kinachoisababisha. Nimetumia Blender, programu ya kutengeneza maumbo ya 3D, kwa kuwa ni ya bure na kompyuta mpakato ya kawaida inaimudu. Mwenye ZBrush, programu nyingine ya uchongaji, atayakuta matatizo yale yale kwa majina mengine. Mfano wetu ni wahusika wawili, mama aliyejifunga kanga na mzee wa kanzu na kofia, kwa sababu mavazi hayo yana tabia mbili tofauti. Kanga haijashonwa, inashikwa na mwili tu. Kanzu ina vipande na mishono, nayo inaning'inia kutoka mabegani.

Majina ya amri nimeyaacha kama yalivyo kwenye menyu ili uyapate kwa urahisi. Vitufe vya brashi vimehamahama toleo hadi toleo, kwa hiyo nataja vile tu vilivyotulia.

Kabla ya kumtafuta mchawi

Kagua mambo matatu kabla ya kugusa mpangilio wowote wa brashi au wa kitambaa.

La kwanza ni kipimo. Bonyeza N ufungue ubao wa pembeni, utazame Dimensions na Scale. Mtu mzima awe na urefu wa mita 1.6 hadi 1.8, na Scale isomeke 1 kwenye mihimili yote mitatu (X, Y na Z). Ukivuta mwili kwa kitufe cha S ukiwa Object Mode (hali ya kushughulikia kitu kizima), Scale itasoma 0.3 au 4.7, na kuanzia hapo kila chombo kinachopiga hesabu za umbali kitakudanganya. Kama umevuta mhimili mmoja kuliko mingine, ndiyo mbaya zaidi: brashi itaacha alama ya yai badala ya duara, na unene wa nguo utatofautiana upande hadi upande. Dawa ni Ctrl+A ukiwa Object Mode, kisha Scale. Sura ya mhusika haibadiliki hata kidogo, ila namba zake sasa zinalingana na kile unachokiona.

La pili ni uelekeo wa poligoni, yaani vile vipande bapa vinavyounda umbo. Fungua menyu ya Overlays, weka alama kwenye Face Orientation. Bluu ni nje, nyekundu ni ndani. Ukiona wekundu juu ya ngozi au juu ya nguo, ingia Edit Mode (hali ya kuhariri poligoni zenyewe), chagua vyote kwa A, bonyeza Shift+N. Mabaka meusi ya ajabu na migongano ya kitambaa isiyoeleweka mara nyingi hutoka hapa.

La tatu ni kitovu cha kitu, yaani ile nukta ya rangi ya chungwa. Kwa mhusika iwe katikati ya mwili, kwenye X sifuri. Sababu yake utaiona tukifika kwenye ulinganifu.

Brashi inapita, udongo haubadiliki

Tazama kwanza kama sehemu hiyo imefifia kuwa ya kijivu cheusi. Hiyo ni maski, kinga inayozuia brashi, na huenda uliiweka bila kujua kwa kugusa M. Alt+M inaifuta yote. Maski nyepesi sana haionekani kirahisi, hasa ukiwa umechagua rangi ya udongo iliyokolea, kwa hiyo ifute hata kama huioni.

Kama maski haipo, hesabu poligoni. Weka alama kwenye Statistics ndani ya Overlays. Mchemraba unaokuja na programu una nyuso sita na vipeo (nukta za pembe) vinane, na brashi haina cha kusogeza zaidi ya hivyo vinane. Wanaoanza wengi hupaka brashi juu ya mchemraba huo, wakaona haukubali, wakadhani kompyuta ndiyo mbovu.

Brashi ikiuma kwa nguvu ile ile hata ukiigusa kalamu ya tableti ya kuchorea kidogo tu, tatizo ni mawasiliano ya kalamu na programu. Kwenye Windows nenda Preferences, Input, halafu Tablet API, ujaribu kubadilisha kati ya Wintab na Windows Ink. Moja kati ya hizo mbili kwa kawaida hukubali. Ukiwa na kipanya pekee bado unaweza kuchonga, ila punguza Strength na utumie zaidi brashi za Grab (kuvuta) na Smooth (kulainisha), kwa maana kipanya hakijui kubonyeza taratibu.

Umbo lina mabonde na vinundu

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi kwenye kazi za wanafunzi, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: poligoni nyingi mapema mno. Mtu anasikia kwamba uchongaji unahitaji mamilioni, anagawanya tufe mpaka kompyuta inalia, kisha anaanza kutafuta shavu. Kila mguso wa brashi unagusa eneo dogo sana, na uso unajaa vinundu ambavyo Smooth haivimalizi. Ukiongeza Smooth, unapoteza na umbo pia.

Njia inayofaa inaanza na udongo mchache. Kwa mwili wa mita 1.7, anza na Voxel Remesh (amri inayojenga umbo upya kwa vijisanduku viitwavyo vokseli) ya ukubwa wa mita 0.1, ambao ndio ukubwa unaokuja na programu. Kwa kipimo hicho kichwa ni vokseli mbili tatu tu, na hapo huwezi kuchonga kope hata ukitaka. Unalazimika kushughulikia mwelekeo wa shingo, upana wa mabega na mahali nyonga ilipo. Vikikaa sawa, shuka hadi 0.05, kisha 0.02, kisha 0.01. Usishuke hatua mpaka umemaliza kila kinachowezekana kwenye hatua uliyopo. Amri yenyewe ni Ctrl+R ukiwa Sculpt Mode, hali ya kuchonga. Pamoja na QuadriFlow, amri nyingine ya kupanga poligoni upya, ilikuja na Blender 2.81 mwaka 2019, na kabla ya hapo maisha yalikuwa magumu kidogo.

Kwa anayechonga kwa ajili ya nguo kuna nyongeza. Usitumie muda kwenye misuli ya tumbo la mzee atakayevaa kanzu. Tumia muda huo kwenye mabega, viwiko, nyonga na magoti, kwa maana hapo ndipo kitambaa kinaposhika. Bega lililochongwa kwa mteremko mkali litateremsha kanzu kila utakapoiachia, nawe utazunguka kwenye mipangilio ya kitambaa ukitafuta kosa ambalo liko kwenye mfupa wa bega.

Vidole vimeungana, nguo imechanika baada ya Remesh

Voxel Remesh hujaza umbo kwa vijisanduku, kisha hujenga ngozi mpya kuvizunguka. Pengo lolote jembamba kuliko kijisanduku kimoja huzibwa, na kitu chochote chembamba kuliko kijisanduku hupotea. Ndiyo maana vidole vilivyokaribiana huungana, na sikio hubaki nusu. Ama punguza ukubwa wa vokseli, ama chonga vidole vikiwa vimeachana.

Kwa nguo jambo ni zito zaidi. Kanga ni karatasi moja isiyo na ujazo, na amri hii inahitaji umbo lililofungwa. Ukiielekeza kwenye kitambaa cha tabaka moja utapata matambara, au hutapata chochote. Kwa hiyo jenga mwili kwa Voxel Remesh, lakini nguo zijenge kwa poligoni za pembe nne na uziongezee undani kwa Multiresolution, modifaya (nyongeza inayobadilisha umbo na unayoweza kuizima) inayogawanya poligoni ngazi kwa ngazi.

Upande mmoja unafuata, mwingine umelala

Ulinganifu hupimwa kutoka kwenye kitovu cha kitu. Kitovu kikiwa kimesogea sentimita mbili kulia, jicho la kushoto litachongwa mahali pasipo jicho. Weka kishale cha 3D katikati ya dunia kwa Shift+C, rudi Object Mode, halafu Object, Set Origin, Origin to 3D Cursor. Kama pande mbili zimeshatofautiana, rudi Sculpt Mode utumie Symmetrize kwenye ubao wa Symmetry. Chagua vizuri unatoka upande upi kwenda upi, la sivyo itafuta upande uliouhangaikia.

Kompyuta inapumua kwa shida

Multiresolution huzidisha poligoni mara nne kila ngazi. Kanzu yenye poligoni 10,000 inakuwa 640,000 kwenye ngazi ya 3, na 2,560,000 kwenye ngazi ya 4. Ya tano inapita milioni kumi. Ngazi moja tu inatenganisha kazi inayokwenda na kompyuta iliyoganda. Ficha vitu usivyovichonga kwa H, chonga ukiwa kwenye mwonekano wa Solid, na uzime modifaya za Subdivision Surface (kulainisha) na Solidify (kuongeza unene) mpaka uwe umemaliza. Kila umbile uliloondoka kwalo linahifadhiwa kwenye kumbukumbu ili uweze kurudi nyuma, na kumbukumbu ikijaa programu inaweza kujifunga, kwa hiyo hifadhi faili mara kwa mara kwa jina jipya.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. SculptGL hufanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo, na aliyeitengeneza, Stéphane Ginier, ndiye aliyetengeneza Nomad Sculpt ya simu na tableti. Kwa kujifunza maumbo zinatosha kabisa. Mwili ukikamilika huko, utauhamishia Blender kwa ajili ya nguo.

Kanga inapita mwilini na kuanguka chini

Sasa tunafika kwenye kitambaa chenyewe. Kanga halisi ina takriban mita 1.5 kwa 1.1, basi iwe hivyo hivyo ndani ya programu.

Sababu ya kwanza ni ya kijinga lakini ya kawaida: kitambaa kimepewa Cloth (fizikia ya kitambaa), mwili haukupewa Collision (fizikia ya kugongwa). Chagua mwili, nenda kwenye ubao wa Physics, bonyeza Collision. Sababu ya pili ni ile ya uelekeo wa poligoni tuliyokwisha kuitaja. Ya tatu ni kuanza simulizi ya fizikia (simulation, yaani programu kuigiza jinsi kitambaa kinavyoanguka) kitambaa kikiwa tayari kimeingia mwilini, hata kwa milimita chache. Programu haijui kukitoa nje, inaweza hata kukivuta ndani zaidi. Anza daima kitambaa kikiwa nje kabisa. Ya nne ni kasi: mwili ukisogea haraka kati ya fremu mbili (picha mbili zinazofuatana), kitambaa kinarukwa. Pandisha Quality Steps kutoka 5 hadi 10 au 15, kompyuta itachelewa lakini migongano itaonekana.

Halafu kuna kipimo tena, na hapa ndipo kinapouma. Umbali wa kugongana kwa kitambaa huja ukiwa mita 0.015, yaani sentimita moja na nusu. Kwa mtu wa mita 1.7 hilo ni pengo dogo. Kwa mhusika uliyemchonga akiwa na sentimita 17, ni sawa na kumvalisha nguo iliyosimama sentimita 15 mbali na ngozi. Kinyume chake, mhusika wa mita 17 atavaa kanga inayoshuka kwa uvivu. Kitu hudondoka mita 1.7 kwa sekunde 0.6 hivi, lakini mita 17 huchukua karibu sekunde 1.9. Jicho la mtazamaji linatambua, hata asipojua kwa nini.

Ushauri mwingine: usijaribu kulipata fundo kwa simulizi hiyo. Kujifunga kanga kifuani ni kukunja na kubana, na kompyuta inalichukia jambo hilo. Zungusha kitambaa kama bomba kuzunguka mwili, weka vipeo vya ukingo wa juu kwenye Pin Group ili visiteremke, acha sehemu ya chini ianguke yenyewe. Ukishapata umbo la kupendeza kwenye fremu fulani, tumia Apply kwenye modifaya ya Cloth ili umbo hilo libaki la kudumu, kisha lile fundo la kifuani au kibwebwe kiunoni ulichonge kwa mkono.

Na ukibadilisha mpangilio halafu usione tofauti, rudi fremu ya 1 na ucheze upya. Matokeo ya zamani bado yamehifadhiwa.

Mwili unachungulia kwenye nguo iliyokwisha kukaa

Ngozi inaonekana begani au kwenye kiwiko, ingawa kila kipeo cha nguo kiko nje ya mwili. Poligoni ni bapa, bega ni mviringo. Vipeo viwili vikikaa juu ya bega vikiwa mbali, ubapa uliopo kati yao unakata kwenye nyama. Kuinua nguo kwa Grab kutaficha mahali pamoja na kufichua pengine. Dawa halisi ni kuongeza poligoni za nguo pale mwili unapopinda, zikaribiane kwa ukubwa na zile za mwili.

Ukiwa unatengeneza picha au mchezo, kuna njia fupi ambayo wenye kazi hii wanaitumia bila aibu: ficha mwili ulio chini ya nguo kwa modifaya ya Mask, au ufute kabisa. Acha kichwa, shingo, viganja na miguu tu. Kisichokuwepo hakichungulii.

Kanzu inatetemeka au inalipuka

Mtetemo mdogo usioisha mara nyingi hutoka kwenye Self Collisions, yaani kitambaa kujigonga chenyewe. Umbali wake ukizidi ukubwa wa poligoni, kila kipeo kinamsukuma jirani yake na jirani anarudisha. Ukiwa na poligoni za sentimita moja na umbali wa sentimita moja na nusu, vita haviishi. Shusha umbali hadi mita 0.005, au uzime kabisa mpaka fremu za mwisho. Kanzu iliyonyooka haihitaji kujigonga sana.

Mlipuko unahusu mishono. Kama umekata kanzu kwa vipande (badani ya mbele na ya nyuma, mikono, taharizi za ubavuni) na kuviunganisha kwa kingo zisizo na uso kisha ukawasha Sewing, vipande vinaweza kurushana kupita mwilini. Max Sewing Force inapokuwa 0 maana yake haina kikomo, ingawa namba hiyo humfanya mtu adhani haina nguvu. Weka namba ndogo, uipandishe taratibu mpaka mshono ufunge bila vurugu. Na idadi ya vipeo kwenye kingo mbili zinazoshonwa iwe sawa.

Kwapa likijaa nyama ya kitambaa mzee anaposhusha mkono, angalia amesimamaje ulipomvalisha. Mhusika aliyenyoosha mikono sawa na mabega amevaa kanzu iliyokatwa kwa mkono ulionyooka, na mkono ukishuka ziada yote inakusanyika kwapani. Mchonge mikono ikiwa imeshuka nusu, takriban nyuzi 45. Kama bado panabana, ongeza kikwapa, kile kipande kidogo ambacho mafundi wa kanzu hukiweka hapo kwa sababu hiyo hiyo. Fundi cherehani mzuri atakufundisha nguo za 3D haraka kuliko video nyingi. Kaa naye, mwombe akufumulie kanzu kuukuu.

Kitambaa kinakunjika kama plastiki

Hesabu poligoni. Kanga ya mita 1.5 kwa 1.1 yenye miraba ya sentimita tano ina poligoni 660 tu, na haiwezi kutoa mkunjo mwembamba kuliko sentimita kumi hivi. Miraba ya sentimita moja inakupa 16,500, na hapo pamba inaanza kuonekana pamba. Miraba iwe miraba kweli: poligoni ndefu nyembamba hukunjika upande mmoja tu. Mikunjo ikifuata mistari ya gridi kwa unyofu usio wa kawaida, tengeneza nakala, uigeuze kuwa pembetatu kwa Triangulate, uendeshe simulizi kwa nakala hiyo. Marvelous Designer, programu ya nguo za 3D, hutumia pembetatu tangu mwanzo, na ni sehemu ya siri ya vitambaa vyake.

Ndipo uguse ugumu. Bending ikiwa juu, mikunjo inakuwa michache na mikubwa. Ikiwa chini, inakuwa mingi na midogo. Anza na Cotton kwa kanga na kanzu, Silk kwa mtandio.

Mikunjo inafanana na tambi

Umemaliza simulizi, unachonga undani kwa mkono, na kila mkunjo una upana ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkunjo una mahali unapozaliwa: kitambaa kinaposhikwa au kuvutwa. Unaanza hapo ukiwa mwembamba na mkali, unapanuka na kulainika unavyokwenda mbali, kisha unapotea. Kwenye kanzu chanzo ni bega, kwapa na kiwiko kilichokunjwa. Kwenye kanga ni fundo la kifuani na nyonga. Weka alama kwenye vyanzo hivyo kabla ya kushika brashi, na kila mkunjo usiofika kwenye chanzo chochote uufute.

Brashi ya Cloth, iliyokuja na Blender 2.83 mwaka 2020, husaidia kuanzisha, kwa kuwa inavuta kitambaa kwa kanuni za fizikia ndani ya duara la brashi. Crease humalizia ukali kwenye chanzo. Kisha Smooth kidogo kwenye mkia. Unene uongeze mwisho kabisa kwa Solidify, ikiwa chini ya Multiresolution kwenye orodha ya modifaya. Ukichonga nguo ambayo tayari ina tabaka mbili, tabaka la nje litatoboa la ndani na utashinda ukiziba.

Jina la kanga linasomeka kinyume

Kanga ina pindo, mji na jina, na jina lililogeuka huonekana mara moja na kila mtu. Ukitazama kitambaa cha tabaka moja kutoka nyuma, maandishi yatakuwa kinyume, basi hakikisha bluu ya Face Orientation ndiyo iko nje. Kama bluu iko nje na bado maandishi yamegeuka, ramani ya UV, inayoonyesha picha ikae wapi juu ya kitambaa, ndiyo iliyopinduka: ingia UV Editor, chagua vyote, Ctrl+M kisha X. Na kama umejenga nusu ya vazi ukaikamilisha kwa modifaya ya Mirror, nusu ya pili inatumia ramani ile ile ya kwanza, kwa hiyo jina litasomeka vizuri upande mmoja na kugeuka upande wa pili. Tumia Apply kwenye Mirror, kisha ufungue UV za upande huo upya. Fanya hivyo kabla ya kuongeza Multiresolution, kwa maana kupanga UV kwenye poligoni elfu chache ni kazi ya dakika, na kwenye milioni mbili programu huenda ikajifunga kabla hujahifadhi.